Kiti Kilichosambaratika Kwenye Skrini

Mshauri wangu, nisaidie, mwenzio nimekwama. Nipo chuo, nasoma kuchora vitu vya pande tatu kwa kompyuta, na kabla ya hapo nilijifundisha mwenyewe kwa video za simu mpaka mtaani wakaniita Injinia, kwa hiyo nilivyoingia darasani nikajiona nimeshafika, wenzangu wanahangaika na mstari mmoja mimi mashine nzima nimemaliza na rangi nimepaka. Sasa kazi ya mwisho ni kuchora kitu kitakachotengenezwa kweli karakana ya chuo, nikachagua kiti cha magurudumu cha mdogo wangu wa kike, maana miguu yake haifanyi kazi na alichonacho kinambana mpaka anatoka michubuko, nikakichora chapchap, chekundu anavyopenda, kinang'aa we acha tu. Mwalimu akakiangalia akasema, "Kizuri. Hebu ongeza upana kidogo." Nikabadilisha namba ile moja tu, mshauri, gurudumu moja likaruka juu, la pili likazama ndani ya kiti, mgongo ukalala chini, darasa likaangua kicheko, mmoja akauliza, "Injinia, abiria amefunga mkanda?" Mwalimu hakucheka. "Umechora kwa jicho. Mistari haina vipimo, haishikani. Anza upya, la sivyo hakiingii karakana." Tangu hapo siendi chuo, nashinda kitandani, nikifungua kompyuta naifunga hapohapo, na nikipita mlangoni kwa mdogo wangu ananiita, "Kaka, kiti changu kimefika wapi?" najifanya sijasikia. Sina maana kabisa. Nifute faili nirudi kwenye kazi yangu ya zamani ya kutengeneza simu?

Injinia wa Bure

Injinia, pole. Kuchekwa kunauma. Ila sasa nisikilize, maana nitakusema.

Najua kiti ni chekundu, najua kinang'aa, lakini upana wa atakayekikalia sijauona popote kwenye barua yako. Hivi umeshawahi kumpima? Au na yeye umemchora kwa jicho? Cha zamani kinambana kwa sababu anakua, bwana! Mwalimu hakukuchokoza, alikuonyesha kitakachotokea mwakani. Mchoro unaovunjika kwa namba moja ni picha tu, na picha haikaliwi.

Sikudanganyi kwamba utawahi. Huenda karakana ikamaliza kazi za wenzako wewe bado uko kwenye gurudumu. Lakini ukifuta faili, atakayebaki na michubuko si wewe.

Kesho asubuhi rudi darasani, sema, "Mwalimu, nifundishe kuishikanisha mistari." Wakicheka, wacheke. Anza na bomba moja la fremu, na usiguse la pili mpaka la kwanza umelibadilisha urefu likabaki zima. Rangi marufuku.

Ila leo hii azima futi ya fundi cherehani, kaa chini mbele ya mdogo wako, umwambie kiti hakijafika popote. Atanuna. Mwache anune. Akimaliza, mpe ncha moja ya futi ashike.