Chumvi ya Mawe Kwenye Tangi la Ami

Alhamisi, 13 Novemba. Asubuhi mawingu mazito, joto la kunata. Mvua haikunyesha.

Kipimo cha chumvi kinaelea tangini pale pale panapotakiwa. Nimepima mara tatu. Chumvi iko sawa, joto liko sawa.

Lakini matumbawe ya Ami yamejifunga.

Ami Nassor, ndugu yake baba, ana tangi la maji ya bahari sebuleni, hapa ghorofani Kariakoo. Matumbawe aliyapata yakiwa madogo kama vifungo vya shati. Sasa mengine yanazidi sahani. Yuko Maskati kwa binti yake, anarudi Jumamosi. Niliyeachiwa tangi ni mimi.

Chumvi yake maalumu huja kwa ndoo kutoka nje, na bei imepanda mno. Maji ya bahari pale Feri hatuchoti, yana mafuta ya meli na boti. Ndoo ilipokaribia kuisha nikataka kumpunguzia Ami gharama. Nikaenda duka la jumla mtaa wa pili, nikamuuliza muuzaji kama chumvi yao ya mawe ni ya bahari kweli.

"Dada, hii imetoka baharini. Au unaitaka na samaki wake?"

Nikacheka, nikabeba kilo kumi. Jumapili nilibadilisha robo ya maji kwa chumvi hiyo, Jumanne robo nyingine.

Jana tumbawe la zambarau lilianza kunyauka. Leo ncha zake ni nyeupe. Kamba mwenye mistari amelala ubavu nyuma ya jiwe, na samaki hawamkaribii.

Mchana nikarudi dukani. Kumbe muuzaji amekulia kwenye mashamba ya chumvi, Kilwa.

"Chumvi ikishaganda, yale maji yanayobaki tunayamwaga. Machungu yale, nani atakula?"

"Matumbawe," nikamwambia.

"Matumbawe yanakula? Dada, leo jua limekupiga."

Kwenye uchungu ule ndimo yalimo madini ambayo matumbawe hujengea mifupa yao. Kipimo changu kinajua ukali wa chumvi tu. Hakijui kilichomwagwa.

Magharibi Ami akapiga simu. Akauliza, kama kila siku, "Wanangu wamefumbua?"

"Wamelala, Ami."

Sikusema uongo. Sikusema kweli pia.

Chumvi nzuri iliyobaki chini ya ndoo imetosha beseni moja. Matumbawe ni kumi na tisa. Nimehamisha manne, nikiyachagua kwa mkono wangu, na kila nililoliacha nililitazama. Lile kubwa kuliko yote, ambalo Ami hulisalimia kwanza akitoka msikitini, nimeliacha kwa sababu haliingii.

Baada ya isha nikampigia mwenyewe, nikamweleza yote, kuanzia dukani mpaka kwenye beseni. Hakunigombeza.

Aliuliza tu: "Lile kubwa umeliweka wapi, mwanangu?"

Naenda kulala sasa, saa tisa kasoro dakika kumi usiku.