Kinyozi wa Ng'ambo ya Barabara

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila kitambi changu kinazidi kunitangulia. Jumapili tulimkumbuka marehemu baba. Watu walimsifu alivyoanza kazi ya kinyozi kwa kiti kimoja, akatusomesha wote kwa mkasi wake. Nikavimba kichwa, si mrithi wa mkasi huo ni mimi?

Akasimama jirani, yule kinyozi mshindani wetu wa ng'ambo ya barabara.

"Uzeeni mzee nilimnyoa mimi. Aliniambia, 'Mwanangu ana mkono mzito. Usimwambie, ataumia.'"

Watu wakacheka hadi machozi. Mimi niliangalia viatu. Baba aliniambia anajinyoa mwenyewe, dada, nami nikampongeza!

Jana nilivuka barabara, nikakalia kiti kile alichonyolewa baba, jirani akaninyoa. Kinachoniuma zaidi, jamaa ana mkono mwepesi kweli.

Nisalimie shemeji, asikuone ukicheka.

Mdogo wako