Sufuria chafu ya Mama Yusta

Makere, Jumanne, mwezi wa saba 2014

Nilisugua ile sufuria aliyoagizwa Neema shuleni kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa, mwanangu asinitie aibu. Kumbe mwalimu alitaka chafu.

Nimetoka kwenye kibarua cha kulima nikaipitia shuleni. Nakuta watoto wamepanga maboksi juani, ndani wamebandika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, juu kioo. Eti wanachemsha maji bila moto. Ujinga mtupu.

Sufuria ya jirani yangu Mama Yusta, hajaisugua nje tangu aolewe, masizi matupu, hiyo ndiyo maji yake hayashikiki. Yangu vuguvugu.

"Mama, nyeusi inameza jua," Neema akaniambia. "Yako inalirudisha."

"Kwa hiyo uvivu siku hizi ni elimu?"

Mwalimu akacheka. Kijana wa mjini, hajawahi kubeba kuni huyo.

Mimi nikiwa kibaruani anaenda Neema kutafuta kuni, porini peke yake. Tangu baba yake afe hana wa kumsindikiza. Naogopa mpaka arudi.

Boksi wamempa aje nalo nyumbani. Jioni nimeipaka sufuria yangu masizi nje yote, kwa mkono wangu mwenyewe. Mama Yusta asijue.