Mgongo wa Mdogo Wangu

Jumamosi, 3 Agosti

Tumevuka mpaka! Afisa wa forodha katufungulisha mifuko yote — jiko, sufuria, hadi nguo za ndani! Akauliza kwa ishara gari la mizigo liko wapi. Nikaipiga baiskeli yangu kofi kwenye tandiko: hili hapa. Alicheka hadi akasahau kutugongea muhuri, ikabidi tumrudie.

Wanangu waliniaga wakisema nitarudi kwa basi. Tutaona.

Mwezi ujao mdogo wangu na mumewe wanahamia mbali, moja kwa moja. Hii ndiyo safari yetu ya kuagana. Hata hema tumegawana: yeye turubai, mimi nguzo.

Jumapili, 4 Agosti

Mteremko! Lami laini, upepo shingoni, nikapiga kelele kama mtoto. Peke yangu — maana mdogo wangu, Kiguu na Njia, alishatangulia.

Jumatatu, 5 Agosti

Huyu mtoto ana tabia! Ananiacha mlimani, anakaa kileleni, anakula ndizi, ananyoosha miguu. Mimi nafika ulimi nje. Akiniona tu: "Haya dada, twende!" Mguu tayari kwenye pedali. Yeye kapumzika. Mimi je? Kila kilima hivyohivyo! Nimekuja ugenini kuutazama mgongo wake?

Jioni nikamwambia. Eti akisubiri sana misuli inapoa. Misuli! Mimi ndiye niliyembeba mgongoni huyu, kamasi zikimtiririka.

Jumanne, 6 Agosti

Leo nimeinua baiskeli yake kuiegemeza ukutani. Nyepesi! Mimi nina jiko, sufuria, spana, nguzo, chakula chote. Yeye turubai na kanga zake. Ndiyo maana anapaa!

Sijasema kitu. Bado.

Jumatano, 7 Agosti

Nimesema. Mbele ya kituo cha mafuta, watu wakitukodolea macho. Nikamwambia yeye mtalii, mimi punda wake. Akajibu nilijipakia mwenyewe. Kwamba tangu utotoni sijawahi kumwachia abebe kitu, halafu nanung'unika kwamba nimeelemewa.

Iliniuma. "Basi tangulia," nikamwambia, "si ndiyo kazi yako!"

Akatangulia. Hakugeuka.

Nimekipanda kilima kizima nikimgombeza kimoyomoyo. Kufika juu — hayupo! Ameshateremka upande wa pili. Simu haipatikani. Mawingu meusi, na mimi nina nguzo bila turubai, yeye turubai bila nguzo. Wajinga wawili wa mama mmoja!

Nimejibanza kwenye kibanda cha abiria hapa kileleni. Basi likasimama. Kondakta akanionyesha pa kupakia baiskeli. Nilikaribia kupanda, Mungu shahidi. Tungeachana hivi? Nikatikisa kichwa, akaenda zake.

Sasa namwona. Kule chini, anapanda. Anarudi! Baiskeli inayumba, amesimama kwenye pedali, kainamisha kichwa. Anakiinua: kumbe naye ana uso — nilishausahau.

Safari hii mimi ndiye niliyekaa juu. Akifika tu, "Haya, twende!" Naondoka. Aonje!

Jiko nimeshalifungua kwenye karia. Abebe, si alitaka?

Yuko kona ya mwisho. Ameshuka, anasukuma. Mvua imeanza. Chai kwenye chupa imebaki ya kikombe kimoja.

Sijainywa.