Kipande cha Mkia

Karibu na Fort Worth, Jumamosi

Mama Yosia, mke wangu,

Nakusalimu kutoka ukingoni mwa mto Brazos. Uliniagiza nichunguze jambo moja kabla ya kumleta mwanetu nyumbani kumzika: je, aliishi peke yake huku ughaibuni?

Leo Bahati, Mkongo aliyefanya naye kazi ghalani, alinipandisha katika mashua yao wawili. Tuliacha maji yatuchukue polepole, vyelezo vya ndoana vikielea mbele yetu. Nilivua samaki mmoja, macho yake meupe kama kioo chenye ukungu. Bahati alimkaanga pale ukingoni, akaniwekea kipande cha mwisho, mkia.

"Baba, mukia ni ya Yosia. Hapa hakuna mutu anaigusaka. Siku moja niliikula, akanikasirikia mpaka jioni!"

Kiswahili hicho darasani ningekipigia mstari mwekundu, lakini niliuvuta mkia karibu yangu. Nilidhani mimi na wewe tu ndio tujuao habari ya mkia, kwa kuwa ulikuwa ukimfichia chini ya sahani, ndugu zake wasiuone.

Niliula wote, hata mapezi. Hakuwa peke yake, mama. Jitahidi kula. Ninakuja naye.

Mumeo