Kibuyu Kilichobaki Runyenjes

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta ukiwa na nguvu, na kwamba goti la Baba limetulia sasa kwa kuwa mvua imepungua. Na nyanya yangu Cucu je, bado anaota jua kwenye ukuta wa jikoni? Sisi huku Runyenjes tu wazima. Baridi ya asubuhi ni kali kuliko ya huko nyumbani Ruiri, lakini Shangazi hunipa uji kabla sijaenda shule, kwa hivyo nafika darasani mikono ikiwa na joto.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu maneno hunikimbia. Uliponiambia kwamba jirani yako Mama Mutuma alikuja kukusaidia kazi, akakisugua kibuyu cha kuchachulia uji kwa sabuni na maji moto mpaka kikang'aa na uchachu wote ukaisha, nilisema tu "pole, Mama." Ukaniambia umejaribu kuuchachua uji kwa maziwa lala ya dukani, na wateja wanakunywa kikombe kimoja na hawarudi. Nikasema "pole" tena. Halafu ukasema Cucu anarudisha kikombe kikiwa kimejaa, na kwamba utauza siku moja zaidi ya soko kisha ufunge kibanda. Ukanionya nisimwambie Shangazi, asije akajua kibuyu cha mama yake kimefia mikononi mwako. Hapo sikusema hata pole. Ulidhani simu imekatika. Haikuwa imekatika, Mama. Nilikuwa nalia.

Sasa nikueleze kilichotokea baada ya hapo. Mwalimu wetu wa historia alitutuma tuulize jinsi watu wa kawaida wa hapa walivyoanza kutengeneza chakula na kukiuza. Wenzangu walikwenda kwa mzee aliyekuwa akioka mkate kwenye tanuri la matofali, kwa mama anayesaga njugu, na kwa wenye mashine ya kusaga posho. Unanijua. Siwezi kumwendea mtu nisiyemjua na kuanza kumuuliza maswali. Nikaketi jikoni na daftari langu nikamuuliza Shangazi, aliyekuwa akikoroga sufuria.

"Shangazi, biashara ya uji ilianza vipi?"

"Ilianza na njaa," akajibu bila kugeuka. "Si njaa yangu. Ya watu wengine." Kisha akanitazama. "Wewe Kendi, unaandika hata nikikohoa?"

Akaniambia kwamba Cucu alikuwa bado msichana alipoona wanaume wakileta mbuzi na ng'ombe katika soko la Ruiri. Walikuwa wametembea tangu usiku na hapakuwa na chochote cha kula. Uji wa kawaida ungeharibika kabla ya saa sita kwa lile joto, lakini uji mchachu ulikaa siku nzima na ulikata kiu. Alikaa na chungu chake nje ya boma la mnada. Watu walipomzoea, mwingine akaja na viazi vitamu, mwingine na maharagwe. Mama, ile safu ya vibanda, pamoja na chako, ilianzia pale alipokaa Cucu! Nimepita pale tangu nikiwa mdogo nikidhani vibanda vilikuwepo tu, kama mawe.

"Na wewe huku Runyenjes?" nikauliza.

"Mimi niliolewa na kibuyu mapajani. Mama alinipa mbegu, ule uji wa zamani wa kuchachulia uji mpya. Nilipofika, mama mkwe akadhani ni zawadi yake. Nilimkuta ameshamimina kwenye kikombe! Nikamwambia, 'Mama, hiyo si ya kunywa, ni ya kuzalisha.' Akanitazama kama mtu aliyeletewa mwehu na mwanawe."

Baadaye Shangazi alikuwa akipeleka uji kiwandani msimu wa kahawa, kwa wachumaji waliongoja kupimiwa mpaka jioni. Yule mama mkwe ndiye aliyembebea vikombe.

Nikauliza, kwa ajili ya kazi ya shule tu, kibuyu hicho kilienda wapi. Akaelekeza mwiko nyuma ya rafu ya kuni. Mama, kipo. Muda wote huu nimekuwa nikinywa uji wa nyumbani bila kujua, kwa sababu Shangazi anauzia kwenye ndoo ya plastiki na sikuwahi kuuliza.

Kalamu yangu ilisimama, na machozi yakaja. Shangazi akauliza kuna nini, na nikamweleza yote. Nisamehe, sikuweza kunyamaza. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia.

"Mama Kendi ananiogopa mimi? Cha kwangu kilikufa mwaka ule ule nilioolewa! Nilimimina uji wa moto juu ya mbegu kwa haraka zangu. Nikarudi Ruiri nikijifanya nimekuja kusalimia. Mama akakijaza, wala hakuniuliza kitu. Nilipokuwa naaga ndipo akasema, 'Ulidhani nilikupa ili unikumbuke? Nilikupa ili siku mbegu yangu ikifa nijue pa kwenda.'"

Kwa hivyo, Mama, pa kwenda ni hapa. Kibuyu kidogo kilichokuja na barua hii kina mbegu iliyotoka kwenye kile cha Shangazi. Jirani yetu anayenunua maharagwe Ruiri amekubali kukileta, na Shangazi amemwonya asikizibe kwa nguvu kisije kikampasukia. Wewe uache uji wako upoe kabisa kabla ya kuchanganya. Shangazi anasema usifunge kibanda, na kama unataka kumwogopa, tafuta sababu nyingine.

Nilisoma kazi yangu mbele ya darasa kwa sauti ndogo sana. Sasa wananiita Kendi wa Uji, nami sichukii. Nimekuwa nikifikiria jinsi unavyoamka kusaga wimbi ili mimi nisome vitabu, na sikuwahi kukushukuru kwa sababu nilidhani ni kazi tu. Asante, Mama. Asante kwa uji na kwa kila ukurasa.

Nisalimie Baba, na kaka yangu Mutwiri, umwambie aache kuchezea baiskeli yangu. Msalimie sana Mama Mutuma. Mwambie asijifiche, kwani kama asingekisugua kibuyu nisingeijua historia yetu.

Cucu mpe kikombe cha kwanza. Usimwambie mbegu imetoka wapi. Kaa tu karibu naye akinywa, kisha unipigie simu unieleze alichosema. Safari hii nitajibu.

Ni mimi binti yako, niliyeshiba,
Kendi