Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Safete

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Nafasi moja tu imebaki kwenye utafiti wa dawa mpya, na orodha inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Nimemwambia Dokta Kostaq asihangaike. Wagonjwa kumi na mmoja nimewaandikisha mimi muuguzi mwenyewe, na mkaguzi kutoka ng'ambo hajapata kosa hata la tarehe. Wa kumi na mbili ni Mwalimu Safete, kitanda cha dirishani. Amefundisha hesabu nusu ya mji wa Korça. Hata mimi alinifundisha — na bado anawasimulia wagonjwa wenzake kwamba Vjollca hakujua kugawanya.

Saratani ya tumbo. Dawa za kawaida zimeshindwa. Hii mpya huenda ikamsaidia, huenda isimsaidie, lakini nje ya utafiti haipatikani kabisa.

Fomu ya ridhaa nimempa mwanawe, Ylber, aende nayo nyumbani. Ndivyo tufanyavyo hapa: karatasi nzito hupewa mwana mkubwa wa kiume, mgonjwa hupewa supu.

Jumanne, 5 Novemba

Ylber amekuja na lakror, pai yetu ya vitunguu liki, bado ya moto. Nikajua kuna jambo. Akanivuta hadi mwisho wa korido. Mama anaamini ana kidonda, akasema, na akisikia jina la ugonjwa ule atageukia ukutani afe kabla dawa haijaanza.

Nikamwambia mtu hawezi kukubali asichokijua.

"Dada Vjollca, wewe una mama?"

Ninaye.

"Basi unanielewa."

Ninamwelewa zaidi ya anavyodhani. Baba yangu alikufa akiuliza mbona mgongo wake hauponi, nasi sote tuliojua tukizunguka kitanda tunatabasamu. Mpaka leo nalionea haya tabasamu lile.

Lakror nimeila. Chakula hakina kosa.

Jumatano, 6 Novemba

Fomu imerudi, imesainiwa. Mbio kweli huyu Ylber! Nikaipekua upesi nitie sahihi ya shahidi, mkono ukasita. Ukurasa wa pili ni mweupe kuliko wa kwanza. Ylber ana duka la kuchapisha karibu na soko — kadi za arusi, matangazo ya misiba. Amechapa upya kurasa tatu, nembo na kila kitu. Neno saratani halimo. Kila mahali: kidonda cha tumbo. Kazi safi, nampa haki yake.

Nikampelekea Dokta Kostaq. Akavua miwani, akaisugua, akaivaa tena.

"Amesaini kwa mkono wake. Unataka nini tena, apigiwe tarumbeta?"

Nataka asaini fomu yetu, nikasema, si ya Ylber.

"Na nafasi ikipotea? Utampa dhamira yako ameze asubuhi na jioni?"

Akikosa dawa, huenda asiione Pasaka. Najua hivyo vizuri kuliko Dokta, maana mimi ndiye ninayempima uzito kila asubuhi. Lakini sahihi yangu sijaitia. Kalamu ni yangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeketi nikaisoma fomu ya Ylber neno kwa neno. Jana niliruka. Mimi! Ninayejisifu kwa tarehe!

Ukurasa wa sita Ylber hakuugusa. Ni ule wa madhara ya dawa: kichefuchefu, vidonda mdomoni, kupoteza nywele. Pembeni kuna mwandiko ninaoujua tangu utotoni, kwa wino mwekundu: "Kidonda gani hiki kinachonyonyoa nywele?" Chini yake ameweka alama. Nne, akaizungushia duara. Nne ni kufeli. "Irudiwe."

Kumbe aliisaini huku ameisahihisha! Mwana hakuona, daktari hakuona, wala mimi. Nimecheka peke yangu kwenye chumba cha dawa, halafu nikalia kidogo. Machozi hayo ni ya baba, si ya Mwalimu.

Nikampigia Ylber. Kesho saa tano namsomea mama yako fomu ya kweli. Akasema atakuja mapema amchukue, afe nyumbani kwa amani. Nikamwambia hii si jela, mlango uko wazi, ila atakayesema anakwenda au anabaki ni mwenye tumbo.

"Unamuua," akasema, akakata simu.

Simuui. Nimejiambia hivyo mara tatu nikikunja mashuka, na mara ya tatu nikaamini.

Ijumaa, 8 Novemba

Naandika nikiwa kwenye kiti, miguuni pa kitanda. Mwalimu Safete ametuamuru tukae kimya, na anayetuamuru tulishamzoea tangu darasa la nne.

Ylber alifika saa nne na begi na koti la mama yake. Nikaingia nyuma yake na fomu. Nikafungua mdomo kusoma, Mwalimu akaninyang'anya.

"Kusoma najua. Wewe kaa. Ylber, na wewe kaa, acha kusimama kama kiango cha makoti."

Neno liko mstari wa tatu. Alilifikia. Hakugeukia ukutani. Akamtazama mwanawe juu ya miwani.

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti, mama."

"Miezi mitatu unaniletea uji na kunichekeachekea. Nikadhani umepata mchumba."

Ylber akaficha uso ndani ya koti. Mwalimu akanyoosha mkono, akampapasa kichwa mara moja, akarudi kwenye mstari wake.

Sasa ni saa sita kasoro dakika kumi. Anasoma polepole, kila mstari anaufuata kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa sita ameupitisha bila kuandika kitu. Dokta Kostaq amechungulia mara mbili akinionyesha saa yake. Ylber ameninong'oneza nimhimize, asaini basi! Yeye huyu wa jana aliyetaka kumpeleka nyumbani!

Nimewaambia wote wawili: bado anasoma.

Saa sita kasoro dakika tatu. Ukurasa wa tisa. Amevua miwani na kuiweka juu ya fomu. Mimi nina kalamu ya bluu ya kusainia, Ylber ana koti la kwendea nyumbani. Amenyoosha mkono katikati yetu, kiganja juu, na bado hajasema anataka kipi —